Kitenzi "boycott": ni kususia, kugomea au kutenga? Nisaidieni kabla sijarudisha madaftari

1. Mwalimu wa Ufukweni (Lindi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu hapa Lindi mjini. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi sentensi fupi waitafsiri: "The farmers boycotted the auction." Nilichagua mnada kwa sababu msimu wa korosho umefika na kila mtoto darasani ana ndugu anayesubiri bei. Wengi waliandika "wakulima waligomea mnada", wachache "walisusia mnada", mmoja akaandika "walikata mguu mnadani", na mmoja, binti mtulivu anayekaa nyuma, akaandika "waliutenga mnada". Makundi mawili ya kwanza niliyapa alama. Yule wa kukata mguu nilimpa nusu, na wa kutenga nikampa sifuri.

Kipindi kilipokwisha, binti alinifuata akaniambia kwa adabu kwamba amesoma mahali kuwa kitenzi hicho kilianza kwa kumtenga mtu, wala hakikuanza kwa kukataa bidhaa. Sikuwa na jibu la kumpa. Msimamo wangu mpaka sasa ni kwamba tafsiri sahihi ni kususia, na kwamba kugomea tunaivumilia tu kwa sababu imezoeleka. Naomba wenye ujuzi wanieleze asili na matumizi ya kitenzi hiki, maana nisingependa kumdhulumu mtoto.

2. Pwani ya Msimbati

Mwalimu, nilivyofundishwa mimi, neno hilo ni maneno mawili yaliyounganishwa, mvulana na kukata. Zamani huko Uingereza vijana wa kiume walikuwa wanakata kazi mashambani wakidai ujira, ndipo likapatikana neno. Kwa maana hiyo kugomea ndiyo tafsiri ya kwanza, na kususia inafuata.

3. Mtafuta Asili (Nachingwea)

Ndugu yangu wa Msimbati, simulizi hiyo na mimi niliwahi kuiamini, lakini haina msingi. Boycott ni jina la ukoo la mtu aliyeishi. Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Norfolk, Uingereza, na familia yake hapo awali iliandika jina hilo Boycatt kabla ya kulibadilisha alipokuwa mtoto. Kwa hiyo hata hiyo "kukata" unayoisikia mwishoni mwa neno haikuwapo.

Mtu huyu alihamia Ireland, akakaa miaka mingi katika kisiwa cha Achill, kisha akawa wakala wa mwenye ardhi mmoja mkubwa, Lord Erne, karibu na ziwa Lough Mask katika jimbo la Mayo. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi kwa wapangaji wa mashamba, na yeye mwenyewe alikuwa akilima. Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Mwenye ardhi alikubali asilimia 10 tu, na mwezi Septemba Boycott akaanza taratibu za kuwafukuza walioshindwa kulipa. Mtumishi aliyepeleka hati za kufukuzwa alikutana na wanawake wa kijiji waliomrushia matope na mawe mpaka akarudi alikotoka.

Kilichofuata ndicho kilichozaa kitenzi. Watumishi wa nyumbani waliondoka, vibarua wakaacha mazao shambani, mhunzi akakataa kupiga viatu vya farasi wake, mfuaji akakataa nguo zake, na wenye maduka katika mji wa Ballinrobe wakakataa kumuuzia hata mkate. Kwa ushahidi huu, Mwalimu, mwanafunzi wako ana hoja nzito: kilichokataliwa pale ni mtu.

4. Kalamu Nyekundu (Masasi)

Nashukuru kwa maelezo ya namba 3, ila naomba tutenganishe asili ya neno na matumizi yake ya leo. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, na anayesahihisha hupima neno linavyotumika sasa. Kitenzi hiki leo hupokea mtendwa wa aina nyingi: mtu, duka, bidhaa, mkutano, uchaguzi, nchi nzima. Anayekitafsiri lazima aangalie mtendwa huyo ndipo achague kitenzi cha Kiswahili, na mnada hautengwi. Sifuri ilikuwa halali.

Kwa faida ya wanafunzi, naongeza kwamba herufi "t" ni mbili tangu mwanzo, kwa sababu ni jina la mtu, na zinabaki mbili hata kiambishi kinapoongezwa. Aidha, kitenzi hakihitaji neno la kuunganisha kati yake na mtendwa. Kosa la kuingiza neno lenye maana ya "dhidi ya" baada yake nililikuta mara nyingi kuliko kosa la maana.

5. Mkulima wa Newala

Nimesoma yote kwa utulivu, na sasa niruhusuni nizungumze kama mtu aliyekuwapo mnadani. Mwezi Oktoba 2018, zabuni za wanunuzi ziliposomwa mbele yetu, bei ilikuwa haitoshi kurudisha hata gharama ya salfa na palizi, na tukasema haturidhii, korosho zibaki ghalani. Mnajua kilichofuata: mwezi Novemba Serikali ilitangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kusomba.

Siku ile hakuna mkulima aliyesema tunasusia. Kususa ni jambo la mtoto aliyenyimwa finyango akakaa pembeni amenuna, na watu wazima humwambia, "ukisusa, wenzio wala." Sisi hatukununa. Tulikuwa tumepiga hesabu, tukakaa kikao na tukakubaliana. Neno tulilotumia ni kugomea bei. Tena zingatieni kwamba mnada tuliuhudhuria na tukakaa kwenye viti mpaka mwisho. Kilichogomewa ni bei.

6. Binti wa Mikindani

Shikamoo, Mkulima wa Newala. Hoja yako kuhusu kununa naiheshimu, lakini nadhani umechanganya kususa na kususia, vitenzi ambavyo kwetu huku pwani tunavitofautisha. Mtoto hususa, na hapo hasira ni yake na tumbo ni lake. Mtu mzima hususia kitu au shughuli fulani, na kiambishi kile cha kutendea ndicho kinacholeta shabaha. Mwanamke aliyetukanwa kwenye harusi ya ukoo husema, "harusi zao nimezisusia," naye anasema kwa utulivu kamili, akiwa ameshaamua kwamba upatu wake na pishi yake ya mchele havitakwenda tena upande ule. Hapo hakuna kitoto hata kidogo.

7. Mkulima wa Newala

Marahaba, mwanangu. Hapo umenigusa, maana hata marehemu mama yake mama watoto aliwahi kutususia hivyo hivyo miaka miwili. Hata hivyo, kwa mambo ya bei nabaki na kugomea.

8. Mzee wa Nangurukuru (Kilwa)

Mimi ningependa kuwakumbusha kwamba tendo lenyewe ni la zamani kuliko jina. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa kupiga marufuku biashara ya watumwa, maelfu ya familia za huko ziliacha kutumia sukari iliyolimwa na watumwa visiwani Karibi. Walifanya hivyo karibu miaka 90 kabla ya Boycott kupata tabu zake, na walikataa bidhaa. Sasa niulize: kama tendo la kukataa bidhaa lilikuwapo kabla, kwa nini tushikilie kwamba maana ya msingi ni kumtenga mtu?

Na hapa kwetu, katika milima ya Matumbi, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba ya Wajerumani mwezi Julai 1905, na Vita vya Majimaji vikaanzia hapo. Nimewahi kusikia mtu akiita tendo lile kwa kitenzi hiki tunachokijadili. Mnasemaje?

9. Kalamu Nyekundu (Masasi)

Mzee wangu, shikamoo. La Nandete siwezi kulikubali. Kung'oa pamba iliyopandwa kwa amri ya mkoloni ni uasi, na wale walijua wanaanzisha nini. Kitenzi chetu kinadai mtu aondoe mkono wake tu: asinunue, asiuze, asihudhurie, asisalimie. Mkono ukishashika mche na kuung'oa, tunahitaji kitenzi kingine.

10. Mtafuta Asili (Nachingwea)

Nakubaliana na namba 9 kuhusu Nandete, lakini kuhusu sukari namjibu Mzee hivi: tendo lilikuwapo bila jina, na jina lilipokuja lilitoka Mayo. Tena kuna simulizi juu ya jinsi lilivyobuniwa. Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alieleza kwamba alikuwa akila chakula na padri wa parokia ya The Neale, John O'Malley, akamwambia kwamba neno la Kiingereza la kutenga, "ostracism", halifai kwa mtu kama Boycott, maana wakulima wasingelielewa. Padri naye akakubali kwamba neno hilo la kisomi halifai, akafikiri kidogo, kisha akapendekeza watumie jina la mtu mwenyewe.

Hilo neno la kisomi lina asili yake Ugiriki ya kale, ambako raia wa Athens walikwaruza jina la mtu wasiyemtaka kwenye vigae vya vyungu, na aliyepata vigae vingi alifukuzwa mjini miaka kumi. Kwa hiyo padri alikuwa akitafuta neno jepesi la kutenga, na hilo linaonyesha maana ya kwanza ilikuwa nini.

11. Binti wa Mikindani

Simulizi ya padri ni nzuri, lakini naona shahidi wake ni Redpath peke yake, naye alikuwa mwandishi aliyewaunga mkono wakulima waziwazi. Wengine humtaja Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wapangaji, aliyehutubia mjini Ennis tarehe 19 Septemba 1880. Aliwauliza watu wamfanye nini mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenzake. Mmoja katika umati alipopaza sauti kwamba auawe, Parnell akajibu kwamba ipo njia bora na ya Kikristo zaidi: mtu huyo aepukwe barabarani, dukani, sokoni na hata mahali pa ibada, kama mkoma wa zamani.

12. Mtafuta Asili (Nachingwea)

Ni kweli, ila Parnell alitoa mbinu tu, jina hakulitoa. Zaidi ya hayo, hotuba yake ililenga mtu anayechukua shamba la mwenzake, ilhali Boycott alikuwa wakala wa mwenye ardhi. Watu wa Mayo ndio waliochukua dawa iliyoandaliwa kwa ugonjwa mmoja wakaitumia kwa mwingine. Mpaka Novemba mwaka ule ule neno lilikuwa limeshaingia magazetini kama kitenzi, na baadaye Wafaransa, Wajerumani, Warusi, Wahispania na Wajapani wakalichukua, kila mmoja kwa matamshi yake.

13. Mjukuu wa Tandahimba

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini namba 12 imenikumbusha jambo la nyumbani ambalo sijawahi kuliandika popote.

Babu yangu mdogo alikuwa mnunuzi wa kangomba. Mkulima akibanwa na ada ya shule au ugonjwa, yeye alimpa fedha kidogo mapema na kujipimia korosho kwa bakuli msimu ulipofika, kwa bei ambayo haikufika hata nusu ya ile ya mnada. Watu walivumilia. Mwaka mmoja alichukua shamba zima la mikorosho la mjane aliyeshindwa kurejesha deni, na hapo kijiji kilibadilika. Hakuna aliyemtukana wala aliyegusa mali yake. Alipopita barazani, mazungumzo yalikatika. Salamu yake iliitikiwa kwa midomo tu au haikuitikiwa kabisa. Vibarua wa palizi walikuwa na udhuru kila siku. Mke wake alipofiwa na dada yake, waliokwenda kuchimba kaburi walikuwa wanawe wawili na mimi, nikiwa na umri wa miaka 14, na mikono yangu ilitoka malengelenge. Wanawake wa jirani hawakuja hata kusaidia kuteka maji ya msiba.

Neno lililotumika kijijini lilikuwa moja: "tumemtenga." Sikusikia mtu akisema tumemsusia wala tumemgomea. Baada ya misimu miwili alirudisha shamba kwa mjane mbele ya wazee, na Ijumaa iliyofuata watu walimsogezea mkeka msikitini. Niliposoma habari za huyo Boycott hapa, nilimwona babu. Mwalimu, binti yule ameandika neno sahihi.

14. Mwalimu wa Ufukweni (Lindi)

Pole sana, ndugu yangu, na asante kwa kutuamini na habari hiyo. Nimeisoma mara mbili.

15. Kalamu Nyekundu (Masasi)

Nami nampa pole Mjukuu. Nataka kusema kwa upole kwamba kisa chake kinaimarisha hoja yangu kuliko kuivunja. Alitengwa babu. Bakuli lake la kupimia halikutengwa, na wala mikorosho ya mjane haikutengwa. Mtendwa akiwa mtu, andika kutenga na upate alama zote. Sentensi ya Mwalimu ilikuwa na mnada.

16. Mbio Ndefu (Mtwara)

Naomba nilete mfano kutoka uwanjani. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, ambazo hazikushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 pale Christchurch, alikosa kukutana tena na John Walker wa New Zealand, na Walker akachukua dhahabu. Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tuliumia, lakini tulijua sababu, na mpaka leo tunasema "tuliisusia Montreal." Sijawahi kusikia "tuliigomea".

Ila nikitazama zaidi, naona aliyekusudiwa kutengwa alikuwa kaburu. Michezo ilisusiwa ili kaburu atengwe. Huenda vitenzi hivi havipigani kama mnavyodhani, na kimoja ni njia ya kufikia kingine.

17. Mkulima wa Newala

Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, Bayi alikuwa ametoka kuugua malaria karibu na michezo ile, na huenda asingekimbia vizuri hata kama tungekwenda.

18. Mbio Ndefu (Mtwara)

Ni kweli aliugua, na wengi husahau. Miaka minne baadaye, Marekani na wenzake waliposusia Moscow kwa sababu ya Afghanistan, sisi tulikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, moja katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyingine katika mita 5,000. Naona nimetoka nje kidogo ya mada, mnisamehe. Majina hayo yakitajwa siwezi kunyamaza.

19. Pwani ya Msimbati

Nimekubali kusahihishwa kuhusu mvulana na kukata, lakini sitaki kukata kukupotee kabisa. Waarabu neno lao la jambo hili linatokana na kitenzi chao cha kukata, na sisi tunasema mtu amekata mguu pale alipoacha kwenda mahali kwa makusudi. Yule mwanafunzi aliyeandika "walikata mguu mnadani" alipewa nusu, nami naona ameonewa kuliko wote, maana ndiye pekee aliyetumia nahau ya nyumbani.

20. Binti wa Mikindani

Nahau ni nzuri, lakini kukata mguu anaweza hata mtu mmoja kimya kimya, kwa kuchoka tu au kwa kuona haya. Boycott hakupata tabu kwa sababu mteja mmoja alichoka. Kinachokosekana katika kukata mguu ni kikao, yaani makubaliano ya wengi. Tena, kwa wale wanaopenda kuunda nomino, nawaomba msiandike "ususi wa mnada" kama nilivyoona kwenye daftari la mdogo wangu. Ususi ni kazi ya kusuka nywele. Andikeni ususiaji.

21. Mzee wa Nangurukuru (Kilwa)

Nashukuru, mwanangu. Nina swali moja la mwisho kwa wa Nachingwea. Mazao ya huyo bwana yaliishia wapi? Mkulima hawezi kusoma kisa kirefu hivi bila kuuliza shamba lilikuwaje.

22. Mtafuta Asili (Nachingwea)

Yalivunwa, Mzee wangu. Boycott aliandika barua kwa gazeti la The Times mwezi Oktoba akieleza hali yake, na wafuasi wa Uingereza huko kaskazini mwa Ireland wakamchangia. Walikuja wavunaji 50 kutoka majimbo ya Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari karibu 1,000, wakachimba viazi na mboga za mizizi katika mvua ya Novemba. Gharama ya ulinzi ilikadiriwa kuwa pauni 10,000 kwa mazao ya thamani ya pauni 500 hivi. Parnell alisema kila mzizi mmoja uligharimu shilingi nzima. Kazi ilipokwisha, Boycott na familia yake waliondoka Mayo ndani ya gari la jeshi la kubebea wagonjwa, kwa sababu hakupatikana dereva wa kuwachukua. Alifariki mwaka 1897 huko Suffolk, akiwa bado wakala wa mashamba.

23. Mjukuu wa Tandahimba

Hao 50 kwa Kiswahili tuwaiteje? Kule kwetu, aliyemfanyia babu palizi kwa siri wakati ule aliitwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

24. Mkulima wa Newala

Sisi tungewaita wasaliti, ingawa najua walitoka mbali na hawakuwa wamekubaliana lolote na watu wa Mayo. Labda ni vibarua tu.

25. Mwalimu wa Ufukweni (Lindi)

Wapendwa, nimeamua hivi. Kesho nitarudisha madaftari. "Walisusia" na "waligomea" zinabaki na alama zake, na "walikata mguu" nitaiongezea robo kwa heshima ya ndugu wa Msimbati. Kwa binti wa "waliutenga mnada" nitaweka nusu, na nitampa dakika kumi mbele ya darasa awaeleze wenzake habari za Lough Mask. Baada ya hapo nitawapa sentensi ya pili, ambayo mtendwa wake atakuwa wakala wa shamba.

26. Kalamu Nyekundu (Masasi)

Dakika kumi naziafiki kabisa, Mwalimu. Ila nusu ile siioni. Mnada hautengwi.

27. Mjukuu wa Tandahimba

Mnada una watu ndani yake, mzee wangu. Mpe binti alama nzima.